Umbali haukufa, umehama: zana za kushirikiana na kazi ya mbali

Mkutano umekwisha. Wanne waliokuwa kwenye skrini wameaga na picha zao zimezimika moja baada ya nyingine. Watano walioko chumbani wanakusanya daftari na chaja, na mmoja wao, akiwa tayari mlangoni, anasema: "Lakini jamani, ile tarehe kweli tutaiwahi?" Wenzake wanasimama. Wanazungumza dakika tatu hivi, tarehe inasogezwa wiki nzima mbele, kisha kila mtu anarudi mezani kwake moyo ukiwa umetulia. Siku tatu baadaye, mmoja wa wale wanne anakesha ili aiwahi tarehe ambayo haipo tena.

Nimewahi kuwa mmoja wa wale watano, na nimewahi kuwa yule aliyekesha. Mara zote mbili hakuna chombo kilichoharibika. Sauti ilikuwa safi, picha haikuganda, hati ilifunguka kwa kila mtu. Tumezoea kusikia kwamba teknolojia imeua umbali. Mimi naona imeuhamisha tu: umetoka kwenye kilomita ukaingia kwenye saa, na kutoka hapo ukajipenyeza kati ya anayejua na asiyejua. Anayetaka kuelewa kwa nini kazi ya mbali inawaendea vizuri wengine na kuwavunja moyo wengine, aufuate umbali huo uone umejificha wapi.

Wazo lenyewe ni la zamani

Tarehe 9 Desemba 1968, jijini San Francisco, mhandisi Douglas Engelbart aliwaonyesha wataalamu wa kompyuta, kwa dakika 90, mambo ambayo leo hatuyashangai: kipanya, maandishi yanayobofywa yakakupeleka kwingine, na watu wawili walio mbali kwa kilomita 50 hivi wakifanya kazi kwenye ukurasa mmoja huku wakionana usoni. Mwaka 1970 kampuni ya AT&T ilianza kuuza huduma ya simu ya picha mjini Pittsburgh, wateja wakawa wa kuhesabu. Simu ya picha ina faida gani kama wale unaotaka kuwapigia hawana? Mwaka 1973, mwaka wa mgogoro wa mafuta, Jack Nilles wa Marekani aliipa jina, "telecommuting", kazi inayosafiri kwa waya ili mfanyakazi asisafiri kwa gari.

Wazo lilisubiri intaneti ya kasi majumbani, kamera ndani ya kila kompyuta, na zaidi ya yote, lilisubiri wengine nao wawe nazo. Janga la 2020 liliwasukuma wote kwa pamoja. Zoom, kampuni iliyoanzishwa na Eric Yuan mwaka 2011, ilikuwa na washiriki wa mikutano hadi milioni 10 kwa siku Desemba 2019. Aprili 2020 walifika milioni 300, na hapo mtu aliyeingia mikutano mitano kwa siku alihesabiwa mara tano. Hata kwa hesabu hiyo, miezi minne ilitosha kufanya ambacho miaka hamsini haikuweza.

Zana zilizotokea zinaonekana nyingi, ila ukizitazama vizuri utaona zinaulizwa maswali mawili tu. Je, ni lazima tuwepo wakati mmoja? Na tukimaliza, kitabaki nini cha kusomwa na asiyekuwepo? Simu ya video inadai wote wawepo na haibakizi kitu. Hati ya pamoja haidai uwepo, na inabakiza kila kitu. Ujumbe wa kikundini unasimama katikati, na ndiyo maana unatusumbua kuliko vyote.

Moja ya tano ya sekunde

Unapoongea kwenye simu ya video, sauti yako hukatwa vipande, kwa kawaida vya milisekunde 20 kila kimoja. Kila kipande hufungwa kama bahasha na kutumwa peke yake. Bahasha za barua pepe husubiriana hadi zote zifike, lakini hizi za sauti hazisubiriani: kipande kilichochelewa hutupwa, kwa sababu neno likifika baada ya wakati wake halina kazi tena. Programu hukisia sauti ya kuziba pengo. Mwenzako akianza kusikika kama anaongea kutoka ndani ya debe, ujue unasikiliza makisio hayo.

Sasa weka hilo kando ya jambo jingine. Watafiti waliopima mazungumzo ya lugha kumi, wakachapisha matokeo mwaka 2009, walikuta kwamba pengo kati ya mtu mmoja kunyamaza na mwingine kuanza ni kama milisekunde 200 kwa wastani. Hiyo ni moja ya tano ya sekunde, muda usiotosha hata kuandaa sentensi. Maana yake ni kwamba hatusubiri mtu amalize ndipo tufikirie jibu. Tunakisia atamaliza wapi, na tunakuwa tayari mlangoni.

Mtandao unaingia katikati ya mdundo huo. Nuru ndani ya waya wa nyuzi za kioo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo safari ya kilomita 10,000 peke yake hula milisekunde 50. Ongeza muda wa kukata sauti, kuifunga, kupita kwenye Wi-Fi iliyoelemewa, kufunguliwa upande wa pili. Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano (ITU) unashauri ucheleweshaji wa upande mmoja usizidi milisekunde 150 kama watu wanataka kuongea bila taabu. Setilaiti za zamani, zinazokaa kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta, huvuka kikomo hicho kabla kompyuta haijafanya lolote: kupanda na kushuka peke yake ni karibu robo ya sekunde. Ndiyo sababu setilaiti mpya zinazoruka kilomita mia kadhaa tu kutoka ardhini zimebadilisha hali ya wanaoishi mbali na nyaya.

Robo ya sekunde ni kidogo, lakini mazungumzo yanaihisi. Unauliza swali, kunakuwa kimya, unadhani mwenzako anasita, unaongeza neno, na papo hapo jibu lake linakufikia juu ya neno lako. "Samahani, endelea." "Hapana, endelea wewe." Hapo hakuna aliyekosa adabu, ni saa zao mbili zilizopishana. Ninachokiogopa zaidi ni hukumu inayofuata, kwa sababu mwenye mtandao dhaifu huonekana mzito wa kufikiri au mwenye pupa ya kudakia. Nimewaona watu hodari wakinyamaza mikutano mizima kwa kuchoka kugongana.

Uchovu wenyewe una sababu zinazojulikana. Mwaka 2021 Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford alizitaja nne: nyuso kubwa zinazokutazama kwa karibu muda wote, kujiona mwenyewe kama uliyekaa mbele ya kioo, kubanwa pasipo kusogea ili usitoke kwenye picha, na juhudi ya ziada ya kusoma na kuonyesha ishara ambazo ana kwa ana huja zenyewe. Ya pili dawa yake ni bofyo moja: ficha picha yako. Wenzako wataendelea kukuona.

Herufi zinapatana, watu bado

Hati ya pamoja ni ajabu ambayo hatuipi heshima yake. Chukua sentensi hii: *Ripoti mpya itatoka Jumatatu*. Ina herufi 28, nafasi zikihesabiwa. Wewe unaona neno "mpya" halina kazi, unalifuta pamoja na nafasi inayolifuata, na herufi tano zinaondoka. Sekunde hiyohiyo mwenzako, aliye bara jingine, anaweka kishale mwisho wa sentensi na kuongeza "asubuhi". Kompyuta yake inatuma agizo: baada ya herufi ya 28, ingiza neno hili. Agizo linafika kwako, na kwako sentensi sasa ina herufi 23 tu. Likitekelezwa kama lilivyo, "asubuhi" itaangukia katikati ya sentensi inayofuata.

Suluhisho lililoelezwa na watafiti wa kompyuta Ellis na Gibbs mwaka 1989 ni kulirekebisha agizo kabla ya kulitii. Herufi tano zimefutwa kabla ya mahali hapo, basi 28 isomwe 23. Upande wa mwenzako, agizo lako la kufuta halihitaji kuguswa, kwa kuwa yeye ameongeza neno mbele zaidi. Mwishowe wote wawili mnasoma: *Ripoti itatoka Jumatatu asubuhi*. Google Docs imejengwa juu ya mbinu ya ukoo huu. Ipo njia nyingine, iliyowekewa msingi wa kihesabu mwaka 2011, ambayo huipa kila herufi kitambulisho chake cha kudumu badala ya kuhesabu nafasi. Hiyo humfaa hasa anayeandika akiwa nje ya mtandao na kuunganisha kazi yake baadaye.

Sasa badilisha mfano kidogo tu. Wewe unafuta "Jumatatu" na kuandika "Jumanne". Mwenzako, sekunde hiyohiyo, anaifuta na kuandika "Jumatano". Programu itafanya kazi yake kwa uaminifu, na skrini zote mbili zitaonyesha *JumanneJumatano*. Hati zenu zinalingana herufi kwa herufi, na hakuna anayejua ripoti inatoka lini.

Kwangu mimi, mada yote imo ndani ya neno hilo moja lililobanana. Chombo kinaweza kuhakikisha kwamba wote tunaona kitu kimoja. Kukubaliana juu ya kitu hicho kunabaki kuwa kazi ya watu, na timu nyingi zinanunua la kwanza zikidhani zimepewa na la pili.

Kitone cha kijani

Slack, programu ya ujumbe wa vikundi vya kazi, ilizinduliwa mwaka 2013 na kampuni iliyokuwa ikitengeneza mchezo wa kompyuta uitwao Glitch. Mchezo ulikufa, ila chombo ambacho waundaji walijitengenezea ili waongee wao kwa wao kikabaki. Faida yake kubwa ni rahisi kuipuuza. Barua pepe ni mali ya aliyetumiwa: ukiajiriwa leo, kisanduku chako ni kitupu, na mabishano yote ya mwaka jana yamefungiwa kwenye visanduku vya wengine. Kwenye kikundi cha timu, mgeni anafungua na kusoma kwa nini njia fulani iliachwa, nani aliipinga na kwa hoja gani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na maarifa ya kazi ni mali inayopotea hivyohivyo, kila mtu mmoja anapoacha kazi.

Halafu kikaja kitone cha kijani kando ya jina. Ujumbe ulioandikwa unaweza kusubiri, na hiyo ndiyo thamani yake. Lakini kitone kinapotangaza "yupo", kusubiri kunageuka kuwa kupuuzwa. Mtu anajibu upesi ili aonekane yupo kazini, si kwa kuwa swali lina haraka. Wengine husogeza kipanya wakiwa wanasoma karatasi, ili rangi isibadilike. Nasema wazi kwamba alama hii ingeondolewa kesho nisingeililia, kwa kuwa inapima vidole na watu wanaichukua kama kipimo cha kazi.

Kwa timu zilizotawanyika, hasara inahesabika kwa siku. Saa kumi na moja jioni mmoja anaandika: "Habari, upo?" Mwenzake, saa nane mbele yake, amelala. Asubuhi anajibu: "Nipo, karibu." Sasa wa kwanza ndiye aliyelala. Swali lenyewe linaulizwa siku ya pili na kujibiwa siku ya tatu, ilhali lilikuwa swali la dakika moja. Salamu ni heshima, wala sisemi iachwe. Iandikwe pamoja na swali, na faili linalohusika, na siku jibu linapohitajika, vyote katika ujumbe uleule.

Serikali kadhaa zimeuona mzigo huu. Ufaransa iliingiza haki ya kujitenga na vifaa vya kazi kwenye sheria yake ya kazi kuanzia Januari 2017. Ureno mwishoni mwa 2021 ilimpa mwajiri wajibu wa kutomsumbua mfanyakazi wakati wa mapumziko, na Australia ikafuata na sheria yake Agosti 2024. Ni jambo jema, ingawa hakuna sheria inayoweza kukuambia ujumbe upi usiutume kabisa.

Mseto ni mgumu kuliko mbali

Wengi hudhani kazi ya mseto, siku kadhaa ofisini na siku kadhaa nyumbani, ni rahisi kuliko ya mbali kabisa, kwa sababu ni nusu yake. Mimi naiona ngumu zaidi. Timu ambayo wote wako mbali haina korido. Kila kitu lazima kiandikwe au kisemwe mbele ya wote, la sivyo hakipo. Timu ya mseto ina korido, na wengine hawapo humo. Asiyekuwepo na lake halipo, na hakuna anayepanga liwe hivyo.

Ushahidi upo. Kampuni ya usafiri ya Ctrip ya Uchina ilifanya jaribio la miezi tisa kuanzia mwishoni mwa 2010, ikiwaruhusu baadhi ya wahudumu wake wa simu wafanyie kazi nyumbani siku nne kwa wiki. Utendaji wao ulipanda kwa asilimia 13, sehemu kubwa ikitokana na kufanya kazi dakika nyingi zaidi kila zamu. Hata hivyo, ukilinganisha watu wa utendaji ule ule, waliokuwa nyumbani walipandishwa vyeo mara chache kuliko wenzao. Jaribio lilipokwisha, karibu nusu yao waliomba kurudi ofisini, na upweke ulikuwa miongoni mwa sababu.

Miaka kumi baadaye kampuni hiyohiyo, sasa ikiitwa Trip.com, ilijaribu mseto. Wafanyakazi 1,612 waligawanywa kwa tarehe ya kuzaliwa, witiri upande mmoja na shufwa upande mwingine, na kundi moja likaruhusiwa kukaa nyumbani Jumatano na Ijumaa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 na Nicholas Bloom na wenzake hayakuonyesha tofauti ya utendaji wala ya kupandishwa vyeo, na walioacha kazi walipungua kwa theluthi moja. Mameneja 395 waliulizwa mwanzoni wakakisia uzalishaji ungeshuka kwa asilimia 2.6, mwishoni wakasema umepanda kwa asilimia 1. Kwa maoni yangu, siri imo kwenye kalenda: siku za nyumbani zilikuwa za pamoja, hivyo siku tatu zilizobaki kila mtu alimkuta mwenzake. Mseto ambao kila mmoja anachagua siku zake humleta mtu ofisini avae vipokea sauti na kuongea na wenzake walioko majumbani.

Utafiti mwingine unaonyesha kinachopotea polepole. Mawasiliano ya wafanyakazi 61,182 wa Microsoft nchini Marekani katika nusu ya kwanza ya 2020 yalionyesha watu wakizidi kuongea na wale waliowajua tayari, na madaraja kati ya idara moja na nyingine yakipungua. Na watafiti Melanie Brucks na Jonathan Levav, mwaka 2022, walikuta watu wawili wanaobuni mawazo kwa video wanatoa machache kuliko walio chumba kimoja, kwa kuwa macho yanaganda kwenye skrini na fikra nazo zinabanwa hapo. Ilipofika hatua ya kuchagua wazo bora, walio kwenye video hawakuwa nyuma. Basi kuna kazi ya kukutania na kuna kazi ya kuandikiana.

Tusiipambe ofisi kupita kiasi, lakini. Thomas Allen wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts (MIT) alionyesha tangu miaka ya 1970 kwamba mawasiliano ya wahandisi yanaporomoka kadiri meza zao zinavyoachana, na baada ya makumi machache ya mita, kuwa jengo moja hakuna faida kubwa. Umbali ulikuwemo ndani ya jengo zamani zile, ila hatukuwa na skrini ya kutuonyesha.

Kanuni moja ndogo imenisaidia kuliko programu yoyote: mmoja akiwa mbali, wote ni wa mbali. Kila aliye chumbani afungue kompyuta yake na kuonekana kwa uso wake, akitumia vipokea sauti au maikrofoni moja tu ikiwa wazi, maana maikrofoni za chumba kimoja zikisikilizana hupiga mlio. Michoro ichorwe kwenye ubao wa mtandaoni, si ule wa ukutani unaong'aa taa tupu kwa aliye mbali. Mwanzoni inaonekana kichekesho watu kukaa meza moja wakitazamana kwenye kioo. Kisha yule wa mbali anaanza kuchangia, na hakuna anayecheka tena.

Mwandishi asiyechoka

Zana za karibuni zinaahidi kuondoa tatizo la kuandika. Akili mnemba ndani ya Zoom, Teams na Google Meet husikiliza mkutano na kutoa muhtasari pamoja na orodha ya majukumu. Kwa aliyekosa mkutano ni neema, na mimi huutumia. Ila nausoma kwa tahadhari. Mtu anaposema "Sawa, tutaliangalia", waliokuwepo wanajua kwa sauti tu kwamba amekataa. Mashine inaandika: timu imekubali kulifanyia kazi. Watu wanaochanganya lugha katika sentensi moja, au wanaotumia lugha ambayo mashine imeifunzwa kidogo, hupata makosa zaidi, na makosa hayo huja yamepangwa vizuri hivi kwamba hayatiliwi shaka. Na kila anayerekodiwa anastahili kujua kabla hajafungua mdomo.

Tena mashine husikiliza mkutano tu. Wale wanne walipoaga, kikao kilifungwa na masikio yake yakafungwa nacho. Muhtasari uliowafikia wote jioni ile ulikuwa na ile tarehe ya kwanza, umenyooka, na jina la kila mhusika mbele ya jukumu lake. Yeyote kati ya wale watano pale mlangoni angeweza kuandika kikundini kabla hajakaa: "Tumesogeza tarehe wiki moja mbele, majaribio hayajakamilika. Wewe mwenye sehemu ya malipo, tafadhali usikeshe."